Bikizee wa Kifini Aliyejibu Hakuna

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi, baba alishuka Mombasa kutafuta kazi na hakurudi, na mama akaanza kuugua tumbo. Nikatolewa darasa la nne. Nilimlisha mama, nilimwogesha, nilimtoa choo kwa mikono hii ambayo leo inatia sahihi kwenye karatasi za serikali ya jimbo la Maryland, Amerika. Alilala miaka miwili, kisha akafa. Nasema haya mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Shule sina, lakini wagonjwa nawajua tangu sijavunja ungo.

Kwetu Taita hakuna aliyeingia mle chumbani akamuuliza mama anajisikiaje. Mtu aliingia, akamsalimu, naye akajibu hajambo, kwa sababu salamu hujibiwa hivyo hata kama roho iko mlangoni. Kisha kwa pumzi ya pili ndipo aliposema: sijambo, ila tumbo halikuniacha nilale. Hiyo "ila" ndiyo habari yenyewe. Anayesema Kiswahili huingojea hiyo "ila" bila hata kujua kwamba anaingojea. Isipokuja, anajua hakuna jambo, anaendelea na shughuli zake. Naeleza kitu ambacho kila msomaji wangu anakijua, lakini nina sababu. Kitu hicho kilinifanya nimtese mtu kwa wiki tatu.

Amerika niliingia nikiwa na miaka thelathini na minane, kulea watoto wa ofisa wa ubalozi. Watoto walipokua nikaingia kazi ya kutunza wazee, na huko ndiko nilikobaki. Nimeosha wazee wa kila namna. Majenerali, walimu, mama mmoja aliyekuwa na duka la kofia. Mwili wa mzee ni mwili wa mzee. Sina kinyaa na mavi wala matapishi. Kinyaa changu kiko kwingine, na nitakisema.

Miaka minne iliyopita, watu walipokuwa ndio kwanza wanavua barakoa, kampuni niliyoifanyia kazi ilinipeleka Arlington, ghorofa ya saba, kwa bikizee wa Kifini. Ufini ni nchi huko juu kabisa ya Ulaya, kwenye theluji na misitu. Alikuwa na miaka themanini na tisa. Aliletwa na mume wake, mwanajeshi wa Kimarekani, akiwa msichana, akasema Kiingereza miaka zaidi ya sitini. Kisha akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na Kiingereza chote kikafutika kama vumbi kwenye meza. Kilichobaki ni Kifini cha utotoni.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, mwanamume wa miaka sitini hivi, mwenye kazi katika zile ofisi kubwa za jeshi hapo hapo Arlington. Alikuja Jumapili na maua, na kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni hata siku ya mapumziko. Hakuwahi kukaa. Alisimama karibu na mlango na koti lake. Kifini hajui hata neno.

"Mama hakunifundisha," aliniambia. "Alisema kitanichanganya."

Sikumcheka. Wanangu mwenyewe Kiswahili wanakisikia vizuri, lakini ukiwasemesha wanakujibu Kiingereza.

Sasa ile kampuni. Walitupa simu yenye programu ya kazi. Kila baada ya saa nne simu hulia, na swali linatokea: How do you feel? Chini yake nyuso tano za njano, kuanzia ule unaocheka mpaka ule unaolia. Unamuuliza mgonjwa, unabonyeza uso, basi, umetunza mtu. Kwa kuwa bikizee alikuwa Mfini, ofisi iliweka tafsiri. Simu ilimsomea swali kwa Kifini kwa sauti ya mwanamke anayetangaza ndege uwanjani. Bikizee alijibu maneno mawili, yale yale kila siku: ei mitään. Simu ikaandika kwa Kiingereza: nothing. Hakuna.

Tulikuwa watu watatu tukipokezana pale, mimi na Watanzania wawili, na sote watatu tulisikia kitu kimoja. Hakuna. Yaani hakuna neno. Sijambo. Tukabonyeza uso unaocheka.

Hilo neno "feel" nimelichoka, niseme ukweli. Wamarekani wanalitia katika kila chungu. Wana-feel baridi, wana-feel huzuni, wana-feel kitambaa dukani, wana-feel kwamba bei ya nyumba itashuka. Msimamizi wetu, binti wa Kenya aliyesomea uuguzi, aliwahi kuniambia, "Anti, I feel like umechelewa." Nikamuuliza nimechelewa au sikuchelewa. Akaona ni utovu wa adabu.

Kwenye kabati kulikuwa na dawa ya maumivu. Daktari alikuwa ameandika apewe akisema ana maumivu. Hakusema. Chupa ilikaa na kifuniko chake hakijavunjwa.

Wiki ya pili bikizee alianza kukataa chakula. Ukimkaribia na mswaki, mkono wake mzima, ule wa kushoto, unakutandika kibao. Mikono ya watu waliokua wakipasua kuni. Nilimpigia msimamizi.

"Amenipiga tena."

"Ulim-ask how she feels?"

"Simu ilimuuliza."

"Akasema?"

"Hakuna."

"So hana pain. Hiyo ni behavior, Anti. Nita-note behavior."

Akaandika. Na maandishi yakishaingia kwenye ile programu ni kama yamechongwa kwenye jiwe. Mtoto wake alisoma kwamba mama ana fujo, hali chakula, akili imekwenda. Jumapili ile alinieleza akiwa amesimama pale pale mlangoni. Ijumaa angekuja mtu wa kumpima, kutoka nyumba ya wazee waliopotewa na akili, ile ya milango inayofungwa kwa namba. Akionekana hafai kukaa kwake, Jumatatu anahamishwa.

Nazijua hizo nyumba. Nimefanya kazi katika mbili. Mtu asiyesema lugha yao anawekwa kwenye kiti mbele ya televisheni asubuhi na anatolewa jioni, na akipiga mtu anapewa kidonge cha kumlaza. Bikizee asingemaliza mwaka.

Na alikuwa ananuka. Sitazunguka. Mdomo wake ulikuwa ukinuka vibaya, na tulikuwa tumeshapata sababu. Alikuwa na peremende nyeusi za kwao, zenye chumvi, anazinyonya kutwa. Jumanne jioni mwenzangu wa zamu ya usiku, dada wa Dodoma, alinikuta koridoni navaa koti.

"Shikamoo, Mama. Kamdomo kameshindaje?"

"Marahaba. Kananuka vile vile."

"Jana kalinipumulia usoni, nikakumbuka choo cha stendi."

"Ni zile peremende."

"Nilionja moja, Mama. Nikaitemea kwenye sinki. Ulimi ulikufa ganzi mpaka alfajiri. Mtu mwenye akili anakula mbolea?"

Tulicheka. Wanawake wawili wazima, kila mmoja na Biblia yake mkobani, tulisimama mlangoni kwa mgonjwa tukicheka mdomo wake. 

Jumatano nilikuwa nikimlisha uji wa shayiri. Alikubali kijiko kimoja. Uso wake haukubadilika hata chembe, ulikuwa kama ukuta, lakini jicho la kushoto lilitoa chozi moja, likateremka likaingia kwenye kola. Simu ikalia. Sauti ya uwanja wa ndege ikamuuliza. Ei mitään. Na mimi nilikuwa nimeshapeleka kidole kwenye uso unaocheka kabla hajamaliza kujibu.

Nilikitazama kile kidole. Kilikuwa kimejizoesha. Kilikuwa kinaishi maisha yake.

Sikubonyeza. Simu ililia, ikalia, nikaitia kwenye droo ya taulo.

Dada wa Dodoma alikuwa na kibarua cha Jumamosi, kusafisha nyumba kwa mama mmoja Mfini huko Gaithersburg, fundi wa kushona mapazia. Nilimwomba namba. Alhamisi zamu yangu ilikuwa ya mchana, basi asubuhi nikaendesha gari kwenye ile barabara ya 270, kwenye foleni, nikiwa na ile simu ya kampuni kwenye kiti cha pembeni.

Yule mama alifungua mlango, akanitazama, akageuka akaingia ndani. Hakusema karibu. Nikamfuata. Alinimiminia kahawa bila kuniuliza kama nainywa, kisha akaketi tena kwenye cherehani. Nilianza kumsalimu kama tulivyolelewa, habari za nyumbani, habari za kazi, na kila swali alilijibu kwa neno moja. Mwishowe akasema kwa Kiingereza chake:

"Umekuja kwa gari saa nzima. Sema shida."

Nilimwekea simu mezani, nikabonyeza. Sauti ikamuuliza kwa Kifini. Aliacha kushona.

"Hii inamuuliza hivi kila siku?"

"Kila baada ya saa nne."

"Inamuuliza moyo wake una nini ndani. Hata mchungaji wa kanisa haulizi hivyo. Mume wangu tuliishi miaka arobaini, hakuniuliza."

"Kiingereza wameandika feel."

"Feel." Alilitamka kama mtu anayetoa unywele mdomoni. "Hilo ni gunia. Sisi tuna neno la kile ngozi inachokijua. Tuna neno la kile kilichoko moyoni. Tuna lingine la namna kitu kinavyokujia, kama viatu vinavyobana. Wewe unataka lipi?"

"Nataka lile litakalomfanya aniambie anaumwa wapi."

"Hilo hatuna."

Nilidhani ananidharau. Nikamwambia sikuja kuchezewa, mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa karibu nami.

"Sikiliza. Mwanamke wa umri ule, wa vijijini kwetu, ukimuuliza yukoje atasema hakuna kitu. Mguu umekatika, hakuna kitu. Ndivyo anavyokupa heshima, hataki kukutwika mzigo wake. Nyinyi mkamwamini?"

Nilitaka kumweleza habari ya "ila". Nilitaka kumwambia kwamba kwetu pia mtu husema hakuna neno, lakini halafu husema la pili, na kwamba tulikuwa tukilingojea. Nikaona ni uongo. Hatukulingojea. Tulibonyeza tukaondoka.

"Tulimwamini," nikasema.

"Basi muulize kama mama anavyomuuliza mtoto aliyeanguka. Mihin sattuu. Wapi panauma. Maneno mawili. Ukishauliza, funga mdomo. Usirudie, usimpapase, usimwambie pole. Wewe unaonekana hujui kunyamaza. Kaa mpaka ajibu, hata kama ni saa nzima. Ukisema neno, atajua unataka kwenda zako."

Alinifanya niyarudie yale maneno mpaka akaridhika. Kisha akarudi kwenye mapazia yake. Hakunisindikiza.

Saa nane mchana nilikuwa Arlington. Mwenzetu wa asubuhi alipotoka, nilivuta kiti nikakaa mbele ya bikizee, magoti yetu yakikaribiana. Nikamwangalia. Nikasema: "Mihin sattuu."

Aliinua macho. Miezi mingapi hajasemeshwa na kinywa cha mtu kwa lugha yake. Aliniangalia, kisha akaangalia dirishani.

Nikanyamaza.

Sijui kama umewahi kunyamaza mbele ya mtu anayeumwa. Sisi hatuwezi. Sisi tunasema pole, jikaze, Mungu yupo, tutakupikia supu, mpaka mgonjwa anachoka na kutujibu. Nilikuwa na "pole" mdomoni kama mbegu ya embe. Jokofu lilinguruma likazima. Lifti ilipanda, ikashuka. Mgongo uliniuma. Mara mbili nilitaka kuinuka nikafanye kazi, nikunje nguo, chochote. Nikakaa.

Bikizee aliinua mkono wake mzima. Nilidhani ni kibao, nikajikaza. Alinishika kidole hiki cha shahada, akakipeleka mdomoni mwake, juu, nyuma, upande wa kulia ambako kiharusi kilimpiga, akakibana pale. Akafumba macho.

Palikuwa pamevimba kama yai la njiwa, pa moto. Na chini ya uvimbe kidole kiligusa waya.

Meno ya bandia. Vipande vitatu vya nyuma, vyenye waya, ambavyo vinatakiwa kuvuliwa kila usiku na kuoshwa. Sisi wa asubuhi na mchana tulidhani zamu ya usiku inavua. Zamu ya usiku ilidhani ni meno yake mwenyewe. Nilivaa glavu, nikamfunulia shavu, nikavuta polepole. Yalitoka na nyama. Usaha ulifuata, wa kijani, na uji wa siku nyingi uliooza, na ile harufu ambayo tulikuwa tumeisingizia peremende za watu. Ilijaa chumba kizima. Nilikimbilia sinki nikatapika, mimi ambaye nimesema sina kinyaa. Nilimtapikia nani? Si yeye. Zile nyuso za njano. Ile sauti ya uwanja wa ndege. Na mimi, na kidole changu kilichojizoesha, na kile kicheko cha koridoni.

Nilirudi nikavunja kifuniko cha chupa ya dawa, nikampa. Kisha nikampigia mtoto wake. Sikumwomba, nilimwambia.

"Acha unachofanya, njoo."

Alikuja na kitambulisho chake shingoni. Alipofika mlangoni akaziba pua.

"Ingia," nikasema. "Kaa. Yanuse vizuri, haya ndiyo wazimu wa mama yako." Nikamwonyesha yale meno kwenye bakuli.

Alikaa. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akikaa katika nyumba ile. Baada ya muda aliniuliza nilimuulizaje, nikamfundisha yale maneno mawili na ule unyamavu. Alilia kwa aibu zaidi kuliko huzuni, nafikiri, lakini alilia.

Jioni ile ile alimpeleka hospitali, wakampasua jipu, wakasafisha, wakampa dawa. Ijumaa yule mtu wa kupima alipofika, mtoto alimpokea mlangoni akamwambia arudi alikotoka. Bikizee alikuwa amelala usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Alipoamka alikula supu ya viazi, bakuli mbili, na hakumpiga mtu.

Jumamosi msimamizi alinipigia, ameshasoma taarifa niliyomwandikia.

"Anti, umefanya poa sana. Sasa for the record, tuseme uli-notice swelling juzi tu. Hizo entries za nyuma tuziache hivyo."

"Hizo za nyuma ni uongo."

"Si uongo. Ni alichosema. She said nothing."

"Na wewe ukaandika nini? Behavior."

"Anti, usijiharibie. Umeweka kidole kwa mdomo wa client bila glavu. Hiyo pekee inatosha."

"Kidole alikishika yeye."

Nikafungua ile programu, nikatafuta mahali pa maelezo, nikaandika kwa Kiingereza changu cha darasa la nne kwamba kila uso unaocheka wenye jina langu nilibonyeza bila kuangalia. Sikuandika ya wenzangu, kila mtu ana roho yake. Jumatatu waliniachisha kazi. Barua ilisema wana-feel kwamba mimi siwafai.

Mtoto wa bikizee aliniajiri mwenyewe wiki hiyo hiyo. Baada ya miezi mitano ndipo nilipomwambia habari ya nyumba niliyokuwa nikiilipia Temple Hills, Maryland, vyumba vya chini vitupu, na kwamba nataka leseni ya kutunza wazee kwangu. Watu walinicheka. Fomu zilikuwa nene kama matofali. Nilizijaza nikiwa na kamusi, nikakosea, nikarudishiwa, nikajaza tena, mpaka nikaipata. Bikizee ndiye mgonjwa wangu wa kwanza. Aliishi kwangu miaka miwili. Mtoto wake alikuja Jumapili na Jumatano, akakaa kwenye kiti, wakanyamaza pamoja saa nzima, na mimi niliwaacha. Alifia kitandani kwake, dirisha likiwa wazi, meno yakiwa kwenye bakuli.

Kwangu hakuna simu ya kuuliza watu. Anayekuja kuomba kazi namweka mbele ya mgonjwa, nampokonya simu, namwambia akae kimya robo saa kisha anieleze ameona nini. Wengi hawarudi kesho yake. Waende.

Leo nina nyumba hiyo ya Temple Hills, ya matofali, vyumba sita, deni limekwisha. Leseni ya serikali yenye jina langu. Vitanda vinne vya hospitali, vitatu vina watu. Wafanyakazi wawili, mmoja ni dada wa Dodoma. Gari dogo la Kijapani la miaka tisa na gari la kubebea kiti cha magurudumu. Kiwanja Voi, kimepandwa katani mpakani. Nyumba ya mawe Wundanyi, anakaa mdogo wangu. Mashine mbili za kufulia. Jokofu la ziada, liko chini.